Kii Moja ya Raphaeli

Kwaya ya usharika wetu pale Rhotia ilikuwa na mpiga kinanda mmoja tu, Raphaeli Tluway, na kwa miaka kumi na tano hakuna aliyemsikia akikosea. Hilo si jambo dogo, maana katika kanisa lile kinanda hakianzi wimbo. Anayeanza ni mwimbaji. Lusia, mke wa Raphaeli, husimama, hujikohoza kidogo, hufumba macho na kuanzia pale koo lake linapotaka siku hiyo, juu au chini, kisha kinanda ndicho kinachomtafuta. Raphaeli alikuwa akimpata kabla hajamaliza neno la pili. Watu walikuja kushuhudia hata kutoka Kansay, na siku za kawaida mtu huyohuyo ungemkuta shambani analima mahindi na maharage, au kando ya barabara anaziba pancha za bodaboda.

Siri yake ilikuwa ndogo na wala hakuificha, kwa sababu hakujua kwamba ni siri. Raphaeli alijua kii moja tu. Kii, kwa lugha ya waimbaji, ni mahali wimbo unapokalia, na yeye alikalia C, penye noti nyeupe tupu, bila kugusa nyeusi hata moja. Usharika uliponunua kinanda, kilikaa kwenye boksi miezi minne kwa kukosa mpigaji, mpaka akapita mtu mmoja kutoka Mbulu aliyekuja harusini. Huyo alikaa siku mbili, akamwonyesha kijana Raphaeli namna ya kupanga vidole katika C, kisha akamwonyesha kitufe kidogo pembeni. Ukikibonyeza, kinanda kizima hupanda au hushuka, nawe unaendelea kupiga palepale ulipozoea. "Basi, umemaliza shule," akasema, akapanda basi lake. Raphaeli akamwamini. Wapiga vinanda wangapi wa makanisa yetu wamehitimu shule hiyohiyo, mimi sitawataja, nina jamaa zangu humo.

Mwezi wa kwanza mwaka huo akaja Mama Marit, mwalimu mstaafu wa muziki kutoka Norwei. Alikuja kwa miezi kumi, akapewa nyumba ya wageni nyuma ya kanisa. Alikuwa mrefu, mwenye masikio makali na Kiswahili cha kukwaruza lakini kisicho na woga. Kila Jumanne na Ijumaa alimfundisha Raphaeli kwenye chumba cha sakristia. Wiki ya kwanza tu alikiona kile kitufe, akakinyooshea kidole kama nyoka.

"Hiki ni gongo la kutembelea," alisema. "Wewe una miguu. Tutalitupa."

Raphaeli aliapa kulitupa. Akajitahidi kweli, akakariri nyimbo mbili kwenye noti nyeusi, akazipiga mbele ya Mama Marit kila somo bila kosa. Ikafika Pentekoste. Kanisa limejaa, kinanda kipo nyuma ya nguzo, Mama Marit ameketi benchi la mbele ambako hawezi kuona vidole vya mtu. Lusia akasimama, akaanza wimbo mpya, na koo lake siku hiyo likaangukia A flati, mahali penye noti nyeusi nne. Mikono ya Raphaeli ikaganda. Kidole chake cha shahada kikaenda chenyewe kwenye kitufe, kikabonyeza mara nne, wimbo ukaenda kama maji.

Ibada ilipokwisha Mama Marit alimjia mbio mbele ya usharika mzima, machozi yanamtoka, akamkumbatia. "A flati!" alikuwa anasema. "Nyeusi nne! Umepiga bila kusita!" Watu wakapiga vigelegele bila kujua wanashangilia nini. Raphaeli akasema moyoni, nitamwambia jioni. Jioni wakaja wageni. Akasema, nitamwambia Jumanne. Jumanne Mama Marit akaja na kitabu kipya, akamwambia kwamba sura ya kii imefungwa, sasa watajifunza kusoma noti kwenye karatasi. Raphaeli akaona haya, na haya ya siku moja humezeka, lakini ya miezi mitano hukwama kooni. Akanyamaza mpaka wiki ya mwisho.

Mama Marit alikuwa anaondoka Alhamisi. Jumatatu Lusia alimwandalia chakula cha kumuaga, makande na maziwa ya mgando, wakaja marafiki zake wote wa kwaya wakajaa uani. Alikuwapo Hilary, mwenyekiti wa kwaya, mtu wa suti hata kwenye makande. Mama Marit akasimama, akaomba kimya.

"Mimi nina zawadi kwa Raphaeli," alisema. "Kule loji ya juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kuna piano. Mwezi wa nane nilikwenda kuitengeneza nyuzi. Meneja, Bwana Benson, anataka mtu wa kupiga jioni nne kila wiki. Kazi ya kudumu. Nimemwambia, mtu ninaye. Mwanafunzi bora niliyewahi kuwa naye, kokote. Keshokutwa mchana gari lake linatuchukua, sisi na kwaya, amsikie."

Ua mzima ukalipuka. Hilary akampiga Raphaeli mgongoni mpaka chai ikamwagika. Kazi ya kudumu, kwa mtu aliyeziba pancha msimu mzima mvua zilipogoma! Raphaeli alicheka pamoja nao, lakini mawazo yake yalikuwa kwenye hiyo piano. Alishawahi kuiona piano, mara moja, shuleni Karatu. Ni mbao na nyuzi. Haina umeme wala kitufe.

Jioni ileile akachukua ufunguo wa kanisa, akakaa kwenye kinanda, akafunika kitufe kwa kiganja cha kushoto na kujaribu A flati kwa mkono wa kulia. Vidole vilikuwa vya mtu mwingine. Alipiga mpaka shingo ikauma na hakuwa amevuka mstari wa kwanza.

Asubuhi ya Jumanne alimkuta Lusia anapepeta maharage.

"Mama Laurencia, kesho kule loji nitaanza mimi. Wewe uingie pale ninapokuonyesha."

"Tangu lini?"

"Wazungu ndivyo wanavyofanya."

"Mama Marit ni Mzungu. Mbona miezi kumi ananiacha nianze?"

Raphaeli akaangalia mlango kwanza. "Ile piano haina kitufe."

"Kitufe kipi? Kile unachobonyezabonyeza?"

"Hicho. Bila hicho najua mahali pamoja tu."

Lusia akaweka ungo chini. Naye hakuwa mjinga. "Na Mama Marit anajua?"

"Anajua nimeacha."

"Baba Laurencia! Huyu mama jana kala kwangu, kasimama mbele ya watu anakusifia mpaka nikaona aibu ya furaha. Nenda kamwambie leo hii."

"Nikimwambia, atamwambia Benson asinichukue."

"Sawa. Kwa hiyo unataka kuwa mwongo mwenye kazi."

Alisema hivyo bila kupaza sauti, na Raphaeli akaumia kuliko angepigiwa kelele. Hata hivyo Lusia alikuwa mke wake, naye pia alikuwa ameota kazi ile usiku kucha. Wakachagua nyimbo tatu ambazo sauti yake ingezibeba katika C bila kujikamua. Wakazifanyia mazoezi mchana na kwaya nzima, Raphaeli anatangulia na Lusia anaingia. Zikakubali. Hilary akakunja uso akisoma orodha.

"Ule wa Pentekoste mbona haupo? Ndio Mama Marit anaupenda."

"Muda hautatosha, mwenyekiti."

"Wimbo wa dakika nne?"

"Nimesema hautatosha."

Hilary akamwangalia kidogo, kisha akakunja karatasi. Mpiga kinanda ndiye mwalimu wa kwaya, na mwalimu habishiwi mbele ya waimbaji.

Saa kumi Raphaeli alikwenda sakristia kwenye somo lake la mwisho akiwa amekwisha panga maneno. Angeanza na samahani. Angesema kitufe, angesema Pentekoste, angemaliza. Mama Marit alikuwa amevaa miwani, ameshika kile kitabu cha noti alichoandika jina la Raphaeli kwenye jalada.

"Leo hatupigi," alisema. "Sina cha kukufundisha tena. Kaa, tunywe chai kama walimu wawili."

Wakanywa chai kama walimu wawili. Mama Marit akamweleza jinsi mumewe alivyokufa, jinsi nyumba yake kule kwao ilivyokuwa kimya, na kwamba ile Jumapili ya Pentekoste ndipo alipoona hakuja Afrika bure. Raphaeli akashika kikombe kwa mikono yote miwili. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Mtu akiisha kukuambia hivyo, unaanzia wapi kumwambia kwamba alililia kitufe? Alimshukuru kwa chai, akatoka, akaenda kukaa nyuma ya kanisa kama mgonjwa.

Jumatano gari la loji lilikuja saa saba. Wakapita Karatu mjini, wakafika Lodoare, geti la kuingilia hifadhini, ambako Benson alikuwa ameshashughulikia vibali, wakapanda msitu. Juu kulikuwa na ukungu, na baridi iliyowafanya waimbaji wajifunge vitenge mpaka masikioni. Kina mama walitania njia nzima. Raphaeli alikuwa dirishani anahesabu: wimbo wa kwanza C, wa pili C, wa tatu C, kushukuru, kuondoka. Dakika kumi na tano. Mwanadamu anaweza kuvumilia lolote kwa dakika kumi na tano.

Benson Mepukori, meneja, alikuwa kijana wa Kimaasai wa palepale Ngorongoro, mwenye koti zuri na shuka begani, mpole wa kusalimia. Akawapeleka ukumbini. Wageni kama ishirini walikuwa wamerudi kutoka kreta, wanakunywa chai, na piano ilikuwa katikati, nyeusi, inang'aa. Raphaeli akakaa. Akaweka vidole kwenye noti zake nyeupe, akaanza, na Lusia akaingia palepale walipokubaliana.

Wimbo wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili ukaenda vizuri zaidi, mpaka wazee wawili wa Kizungu wakaweka vikombe chini. Wa tatu ulipokwisha wageni walipiga makofi wakiwa wamesimama, na Benson akamwinamia Mama Marit kumwambia kitu, akitabasamu. Raphaeli akavuta pumzi ya kwanza tangu Jumatatu. Amepona. Kazi ameipata. Aliinuka nusu kutoka kitini.

"Bado!" Mama Marit alikuwa amesimama, mashavu mekundu kwa furaha. "Bwana Benson, hizo zilikuwa rahisi. Sasa usikie jambo kubwa. Wimbo wa Pentekoste. Lusia, anza wewe, kama kanisani."

Lusia akamtazama mumewe. Raphaeli akamwonyesha kwa macho, C, C, akaigusa noti polepole kwa kidole kimoja ili aisikie. Lusia akaitika kwa kichwa. Akajikohoza, akafumba macho, na huko ndani ya macho yaliyofumbwa hakukuwa na piano wala loji, kulikuwa na wimbo tu, nao ulikuwa na mahali pake. Akaanza A flati.

Na mkono wa kulia wa Raphaeli ukafanya kile ulichofanya miaka kumi na tano. Uliruka pembeni. Kidole cha shahada kikagonga mbao ya piano, mara moja, mara mbili, mara tatu, mara nne. Ko, ko, ko, ko. Kila mtu alisikia. Wageni walidhani anahesabu mapigo.

Mama Marit hakudhani hivyo. Alitazama kidole, akatazama mbao, akamtazama Raphaeli usoni. Furaha ilimtoka polepole, kuanzia kwenye macho. Raphaeli akarudisha mikono kwenye noti, akabonyeza kitu ambacho hakikuwa wimbo, akabonyeza kingine kibaya zaidi, kisha akaiweka mikono mapajani.

Lusia hakusimama. Sauti nyingine zikaingia chini yake, kama wanavyoimba shambani kusiko na chombo chochote, na ukumbi ule wa mbao ukaipokea sauti ile vizuri kuliko ulivyoipokea piano. Walipomaliza, wageni hawakupiga makofi mara moja. Mwanamke mmoja alikuwa anajifuta macho.

Benson alikuwa mtu wa haraka. Alikwenda moja kwa moja kwa Lusia, akampa mikono yote miwili. "Mama, hiki ndicho ninachokitaka. Kila Jumamosi saa ya chai, wewe na wenzako sita. Gari litawafuata."

"Na mwalimu wetu?" Lusia aliuliza.

Benson akamgeukia Raphaeli kwa heshima kabisa. "Mwalimu, usinielewe vibaya. Hii piano tumekaa nayo miaka bila kupigwa. Inaweza kuendelea kukaa."

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Kina mama hawakujua wafurahi au wanyamaze, wakafanya vyote viwili kwa zamu. Mama Marit alikaa mbele na dereva, hakugeuka nyuma hata mara moja. Raphaeli alimshika mkewe mkono, akamwambia hongera, na aliimaanisha, ingawa ilimchoma. Lusia akasema, "Nilijaribu, Baba Laurencia. Nilipofumba macho nikasahau." Akaanza kulia, siku aliyopata kazi.

Alhamisi gari la uwanja wa ndege lilitakiwa kufika saa sita. Saa tatu Raphaeli alikuwa mlangoni kwa Mama Marit. Alimkuta anakunja nguo.

"Shikamoo, Mama."

Mama Marit akachukua gauni jingine, akalikunja.

"Sikuacha kitufe," Raphaeli alisema. "Hata siku moja. Zile nyimbo mbili nilizikariri. Pentekoste ilikuwa kitufe, na Jumapili zote baada ya hapo. Nilikuona unalia nikashindwa kusema, kisha nikaendelea kushindwa. Nisamehe."

Mama Marit akaendelea kukunja. "Mimi nimelia kwa kitufe," alisema. "Nimemwandikia dada yangu barua kuhusu kitufe. Jana nimesimama mbele ya Benson kama mpumbavu." Sauti ikapanda. "Na si hilo! Si mimi! Miezi mitano, Raphaeli! Miezi mitano nilikuwa hapa, ng'ambo ya ukuta huu, sina kazi nyingine! Ungeniambia wiki ile, leo ungekuwa unapiga kii zote. Uliniacha nikufundishe kusoma karatasi wakati hujui kutembea. Umejiibia mwenyewe, na mimi umenifanya nikusaidie kubeba."

Raphaeli akashika mwimo wa mlango. Alikuwa amejiandaa kwa kila tusi isipokuwa lile la kweli. Machozi yakamtoka, mtu mzima, mlangoni, watoto wa mchungaji wanapita.

"Nifundishe sasa," alisema.

"Kwa saa tatu?"

"Kwa hizo hizo."

Mama Marit akatazama sanduku lililokuwa wazi. Kisha akatoka, Raphaeli nyuma yake, akafungua mlango wa kanisa kwa goti, akavuta kiti, na kabla Raphaeli hajakaa alishachukua kisu cha mfukoni, akabandua kile kitufe na kukitia mfukoni mwake. "A flati. Mkono wa kushoto peke yake. Polepole mpaka uone aibu."

Hakumwonea huruma. Alimpiga vidole kwa penseli. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, Lusia akaja kumalizia kufunga sanduku, akawasikia, akaondoka kwa ncha za vidole. Mkono wa kushoto ukakubali mistari miwili. Wa kulia ukakubali mmoja. Walipojaribu kuiunganisha, ilianguka, wakaanza upya, ikaanguka tena. Nje gari likapiga honi.

Pale kwetu mgeni husindikizwa. Usipomsindikiza mtu aliyekaa kwako siku mbili, utasemwa mwaka mzima. Aliyekaa miezi kumi, bora ufe. Usharika wote ulikuwa nje, wazee, kwaya, watoto, na mifuko ya maharage ya kumpa. Raphaeli akainuka. Mama Marit akamkandamiza bega akarudi kitini.

"Wewe huji," alisema. "Usisimame mpaka ubeti uishe. Ukisimama sasa, hutakaa tena, nakujua." Akamwekea kiganja kichwani kwa muda mfupi, akatoka, hakusema kwaheri.

Raphaeli akaanza upya. Huko nje akasikia kelele za kuagana, milango ya gari, Hilary akitoa hotuba. Kisha akamsikia Lusia anaanzisha wimbo wa kumuaga, na kwa mara ya kwanza maishani hakumtafuta. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, Hilary akaingia na suti yake, anahema.

"Mwalimu! Mgeni anaondoka, anakutafuta kwa macho kupitia kioo, na wewe umekaa? Watu wanakushangaa! Una roho gani?"

Raphaeli hakugeuka. Alikuwa kwenye mstari wa tatu, vidole vyote kumi, noti moja kisha nyingine, machozi yanaangukia kwenye nyeusi zinateleza. Hilary akabamiza mlango. Gari likanguruma, nyimbo zikalifuata mpaka barabarani, kisha watu wakaanza kurudi wakiulizana ni nini kimempata Baba Laurencia.

Alipoufikisha mwisho ubeti ule, gari lilikuwa limeshateremka hadi Mto wa Mbu.